Meseji ya Alhamisi

Kila Alhamisi, kuanzia miezi ya mwisho ya mwaka 2009 hadi mwanzoni mwa 2010, simu za wahudumu wa zahanati na vituo vya afya vya Wilaya ya Lindi Vijijini zilipokea meseji ileile: hesabu dawa za malaria ulizonazo, kisha ujibu. Simu zilikuwa zao wenyewe, hizohizo za kujuliana hali na kukumbushana michango ya harusi. Kujibu kulikuwa bure. Aliyejibu kabla ya saa kumi na moja jioni ya Ijumaa aliingiziwa vocha, na aliyekaa kimya alikumbushwa. Ikifika Jumatatu, Mganga Mkuu wa Wilaya alikuwa na taarifa ya wiki mkononi: zahanati ipi ina dawa, ipi imebakiwa na kidogo, ipi imeishiwa kabisa.

Mradi huo uliitwa SMS for Life. Ulijaribiwa kwa wiki 21 katika wilaya tatu, Lindi Vijijini, Kigoma Vijijini na Ulanga, kwenye vituo 129 vilivyohudumia watu wapatao milioni 1.2. Walioutengeneza hawakukaa chini ya paa moja. Kiongozi wao, Jim Barrington, alitoka Novartis, kampuni ya dawa yenye makao Basel, Uswisi. Vodafone na mshirika wake wa programu, kampuni ya MatsSoft, walikuwa Uingereza, na hifadhidata nayo iliwekwa hukohuko. IBM ilileta usimamizi wa kazi pamoja na jukwaa lake la mtandaoni, LotusLive, ambako watu wa nchi mbalimbali waliweka nyaraka zao na kufanya vikao. Wizara ya Afya ilikuwa Dar es Salaam. Na kule vijijini, Rutamba au Milola, alikuwepo muuguzi mwenye ufunguo wa stoo.

Wanaousimulia mradi huu aghalabu husifu simu. Mimi huvutiwa na kazi isiyoonekana kwenye picha za uzinduzi. Kati ya stoo ya zahanati na kompyuta ya Uingereza, kulikuwa na mtu aliyelazimika kuelewa mambo asiyoyaona kwa macho, na mwingine aliyelazimika kumwelewesha. Kuwafanya watu waliotawanyika wajue jambo moja kwa namna moja ni ufundi kamili, wenye mafundi wake na wabahatishaji wake. Nimeutazama kwa muda mrefu na heshima yangu kwake inazidi kukua.

Tuanze na kilichokuwepo cha kujua. Dawa mseto ya malaria, ALu, ilianza kutumika nchini kama tiba ya kwanza mwishoni mwa mwaka 2006. Huja katika paketi za aina nne kulingana na uzito wa mgonjwa: vidonge 6 kwa mtoto mdogo, kisha 12, kisha 18, na 24 kwa mtu mzima. Zahanati inaweza kuwa na paketi tele za watu wazima huku mtoto wa miaka miwili akirudishwa nyumbani mikono mitupu. Muuguzi anayajua hayo yote. Amejaza leja yake, na anamkumbuka mama aliyeambiwa jana akanunue dukani. Lakini wakati ule zahanati ziliagiza dawa kila baada ya miezi mitatu, kwa makundi ya A, B na C, kwa fomu ya karatasi iliyopitia wilayani kabla ya kufika Bohari ya Dawa, MSD. Fomu ilikuwa nzuri na ilidai umakini, ila masika hayasubiri zamu ya kundi C. Kati ya fomu moja na nyingine, alichokijua muuguzi kilibaki ndani ya stoo.

Na wilaya yenyewe ilikuwa pana. Ilianzia ufukweni, Mchinga na Sudi, ikapanda hadi uwanda wa juu wa Rondo, ikaenda hadi Mtama na Nyangao kwenye barabara ya Masasi. Kwa anayetoka Dar es Salaam, Daraja la Mkapa lilikuwa limeshafunguliwa tangu 2003, lakini kilomita 60 za kutoka Ndundu hadi Somanga, Kilwa, zilikuwa bado vumbi kiangazi na tope masika. Mwandishi wa programu hakuwa na namna ya kuteremka kila wiki kuuliza.

Waandishi wa programu wana utaratibu wa kazi wanaouita ajaili. Badala ya kukaa mwaka mzima na mchoro mkubwa ndipo watoe kitu, hutoa kipande kidogo kinachofanya kazi, humpa mtumiaji akijaribu, humsikiliza, kisha hutoa kingine. Asubuhi hukutana kwa dakika chache, wengine wakiwa wamesimama, kuambiana nani anafanya nini na nani amekwama. Kila baada ya wiki mbili hivi huonyesha walichokamilisha na kuulizana kazi ilikwendaje. Tamko la utaratibu huu liliandikwa Februari 2001 na watu 17 waliokutana Snowbird, kwenye milima ya Utah, Marekani. Katika kanuni zinazoambatana nalo imo moja inayosema kwamba njia bora ya kufikishiana habari ndani ya timu ni kuzungumza ana kwa ana.

Kanuni hiyo ni ya kweli. Watu wakikaa chumba kimoja hujifunza bila kufundishwa: huyu anasikia wenzake wakibishana, yule anaona mwenzake amekunja uso mbele ya kioo akamsogelea. Peter Naur, mwanasayansi wa kompyuta wa Denmark, aliandika mwaka 1985 kwamba programu hasa inaishi katika uelewa wa walioiandika: kwa nini jambo hili liko hivi, kipi kitavunjika ukikigusa, mstari huu unasimama badala ya kitu gani cha duniani. Watu hao wakiondoka, msimbo hubaki na uelewa hupotea, wala nyaraka peke yake haziwezi kuurudisha. Sasa iondoe hiyo ofisi. Mweke mmoja Dar es Salaam, mwingine Bengaluru, mwingine Gdańsk. Kila kilichokuwa kikipita chenyewe hewani sasa lazima mtu akikusudie.

Fundi mzuri huanzia kwenye swali. Chukua lile la Alhamisi. "Una dawa kiasi gani?" ni swali bovu. Boksi moja la dawa mseto lina paketi 30. Muuguzi akijibu "mbili", ni maboksi mawili au paketi mbili? Akijibu "sitini", ni paketi au vidonge? Zilizopitwa na wakati zinahesabiwa? Mtu wa Uingereza hawezi kuyajua haya kwa kipaji. Lazima aliyewahi kusimama mbele ya rafu ya zahanati amwambie, tena mapema, kabla msimbo haujaandikwa. Nazifikiria simu ambazo zingepigwa kila wiki kama swali lingeachwa wazi:

"Samahani dada, hizo sitini ni paketi?"

"Hapana dokta, vidonge."

Meseji moja hubeba herufi 160. Ndani ya herufi hizo mtu atajiwe kitu anachoweza kukigusa na kukihesabu, na jibu liwe fupi kiasi cha kuandikwa kwa kidole gumba wagonjwa wakiwa kwenye benchi. Ufupi wa namna hiyo huwa umetanguliwa na mazungumzo marefu. Kila neno lililopunguzwa kwenye swali ni hoja ambayo watu wawili waliokaa mbali waliimaliza baina yao.

Kisha kuna saa. Tanzania haibadilishi saa mwaka mzima. Uingereza huzirudisha nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, na mwaka 2009 ilikuwa tarehe 25. Saa kumi na moja jioni ya Lindi ilikuwa saa tisa alasiri ya London kabla ya Jumapili ile, na saa nane mchana baada yake. Muuguzi wa Rutamba hana habari na jambo hilo, wala hapaswi kuwa nayo. Anayeandika programu ya kufunga muda wa vocha ndiye anayepaswa kulibeba, na kumwachia kumbukumbu atakayemfuata.

Fundi mchanga akirekebisha tatizo la aina hiyo huandika kwenye kumbukumbu ya msimbo: "Nimerekebisha saa." Ni kweli tupu, na haimsaidii mtu. Mzoefu angeandika hivi, na mfano huu nimeutunga mwenyewe:

"Mwisho wa kujibu ni Ijumaa saa kumi na moja jioni kwa saa za Tanzania. Tulikuwa tunauhesabu kwa saa za seva iliyoko Uingereza. Huko saa zinarudi nyuma tarehe 25 Oktoba, hivyo tusingebadili, mwisho ungesogea hadi saa kumi na mbili jioni ya Lindi na waliochelewa wangepata vocha sawa na waliowahi. Sasa tunafuata saa ya Dar es Salaam popote seva ilipo. Sijagusa meseji ya kukumbusha, nayo iangaliwe."

Isome taratibu. Inasema kilichotakiwa, kilichokuwepo, kwa nini kilikuwa na kasoro, nani angeumia, na kimebadilishwa nini. Sentensi ya mwisho ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Mwandishi ameonyesha mpaka wa kazi yake, na anayeamka nchi nyingine akafungua kompyuta anajua mahali pa kuanzia bila kumwamsha mtu. Maandishi ya namna hii hayalipwi nyongeza na hakuna mkubwa anayeyaona. Huandikwa mwisho wa siku mtu akiwa amechoka, tatizo lenyewe likiwa limekwisha, na nafsi yote inamwambia afunge kompyuta aende nyumbani. Anayekaa dakika kumi zaidi kwa ajili ya mtu asiyemwona, huyo kwangu ni fundi.

Pwani hii imezoea kuandikiana na walio mbali. Barua za Kiswahili zenye tarehe ambazo ni za kale kuliko zote zinazojulikana ziliandikwa Kilwa kuanzia mwaka 1711, kwa herufi za Kiarabu, zikapelekwa Msumbiji kwa Wareno na washirika wao. Leo zimehifadhiwa Goa, India. Miongoni mwa waliozituma ni Fatima binti Muhammad Mkubwa, aliyetawala Kilwa, na Mwana Bwana binti Mwidani. Chombo kilichoteremka kusini kwa kaskazi kilingoja kusi ili kirudi. Anayeandika huku akijua jibu litakuja na msimu mwingine hujifunza kumjibu msomaji kabla hajauliza. Timu ya Dar es Salaam inayoshirikiana na watu wa Seattle ina tofauti ya saa 10 au 11, na kaskazi yake ni ya siku moja: ukiuliza swali nusu leo alasiri, kesho asubuhi utakuta umejibiwa nusu, na siku imekwenda.

Lakini maandishi mazuri yanahitaji msomaji mwenye jicho. Katika timu zilizo makini, msimbo wa mtu hauingizwi kwenye programu kabla mwenzake hajaukagua. Wengi huona ukaguzi huo kama geti la askari. Nimeuona ukifanya kazi bora zaidi ya hiyo, pale mkaguzi anapouliza swali linalobeba ujuzi wa mahali. Tuseme mwandishi aliye ng'ambo ametambulisha kila kituo cha afya kwa jina lake. Mkaguzi wa Tanzania angeweza kuandika "Hapana, badilisha." Aliyekomaa ataandika: "Mnazi Mmoja ipo Lindi, kwenye njia panda ya kwenda Masasi. Dar es Salaam kuna hospitali ya Mnazi Mmoja, na Zanzibar iko nyingine. Ripoti itazitofautishaje?" Kwa mistari mitatu mwandishi amefundishwa jiografia ya nchi asiyoijua, hajaaibishwa, na ameachiwa uhuru wa kutafuta suluhisho. Hatarudia tena kuamini majina ya mahali, iwe Tanzania au kwingineko. Suluhisho lenyewe ni kumpa kila kituo namba yake ya kudumu kwenye daftari la vituo la Wizara, jambo ambalo sasa limezoeleka.

Hapa niseme neno kuhusu heshima, maana huku kwetu ndipo ujuzi mwingi unapokwama. Kikao cha asubuhi kwa njia ya video hufanyika kwa Kiingereza. Kijana wa Dar es Salaam anamsikia mkubwa wa kazi, mtu aliyemzidi umri na cheo, akieleza jambo ambalo si sahihi kuhusu zahanati za Lindi. Malezi yake yanamwambia asimkatize mtu mzima mbele ya watu. Anatikisa kichwa. Kikao kinakwisha kila mtu akiamini wameelewana. Kiongozi mwenye ufundi hamlaumu kijana huyo. Humpelekea swali kwa maandishi kabla ya kikao, humpa siku nzima ya kulijibu, huomba jibu kwa lugha aliyo huru nayo, na kikao kikianza husema, "Fulani ametuandikia jambo ambalo sikulijua, naomba tulisome." Adabu imelindwa na ukweli umetoka. Nimeona watu wakimya wakigeuka nguzo za timu kwa njia hiyo tu.

Turudi kwenye namba za majaribio, kwa sababu zinasema jambo zito. Wiki ya kwanza, vituo 78 katika kila 100 vilikuwa vimeishiwa angalau aina moja ya dawa ya malaria iliyofuatiliwa. Wiki ya 21 vilikuwa 26 katika kila 100. Lindi Vijijini ilikwenda mbali zaidi: kufikia wiki ya 8 upungufu ulikuwa umekwisha, na baada ya hapo haukurudi ila kwa nadra sana. Kigoma Vijijini na Ulanga upungufu ulishuka pia, lakini haukwisha.

Programu ilikuwa moja kwa wilaya zote tatu. Swali ni lile, Alhamisi ni ile, vocha ni ile, taarifa ya Jumatatu ni ile. Kilichozitofautisha kilikuwa nje ya programu, kwa watu waliopokea taarifa na hali waliyokuwa nayo. Taarifa ikionyesha zahanati moja ina paketi za ziada na jirani yake imeishiwa, kuna mtu lazima apige simu, atafute pikipiki, aandike leja mbili, azihamishe. Zipo timu za programu zinazolipia vyombo vilevile vya mawasiliano, zenye vikao vilevile, na moja huelewana huku nyingine ikigongana kila wiki. Ninapomsikia mtu akiuliza ni chombo gani cha kununua ili timu yake ijuzane, huwa namwambia aanze kwa kuuliza nani atafanya nini Jumatatu.

Kuna jambo jingine walilofanya ambalo ningependa liigwe. Hawakuziamini meseji kwa kuwa tu zimefika. Wakaguzi walitembelea vituo na kuhesabu wenyewe kilichokuwa kwenye rafu, wakalinganisha na kilichotumwa. Usahihi ulikuwa asilimia 94, na kwa wastani vituo 95 katika kila 100 vilijibu. Ziara hizo ndizo zilizoifanya kazi ya mbali iaminike. Timu iliyotawanyika haiwezi kuishi kwa maandishi pekee. Mara mojamoja mtu apande basi, aingie kwenye stoo, aone jinsi muuguzi anavyolazimika kutoka nje na kusimama chini ya mwembe ili apate mtandao. Akirudi, maandishi yake yote hubadilika.

Mwaka 2011 mfumo ulienezwa nchi nzima, vituo zaidi ya 5,000. Hapo likaonekana tatizo ambalo wilaya haikuwa na uwezo nalo: shehena ikichelewa huko juu, kwa wafadhili au kwenye ununuzi wa kitaifa, meseji ya Alhamisi inaweza kuueleza upungufu kwa usahihi kabisa na dawa isije. Huo haukuwa udhaifu wa meseji. Tatizo hilo lilihitaji wajuzane watu wa ngazi nyingine. Mwaka 2013 ulianza kutumika mfumo wa kielektroniki wa kuagiza dawa, eLMIS, uliojengwa juu ya OpenLMIS, programu huria ambayo Zambia nayo iliijengea mfumo wake. Nchi mbili juu ya msingi mmoja maana yake ni kwamba mtu wa Lusaka na mtu wa Dar es Salaam walilazimika kuelezana kwa nini fomu zao zinatofautiana. Nani apitishe oda ya zahanati, na akikataa irudi kwa nani? Ndani ya nchi moja hakuna anayeuliza swali hilo, kwa kuwa kila mmoja ameukuta utaratibu. Mgeni akiuliza ndipo mwenyeji hugundua kwamba hata ofisini kwake kuna majibu mawili.

Mwaka huohuo Tanzania ilikamilisha kuieneza DHIS2, programu inayobeba takwimu za MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya. Inaratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, lakini mizizi yake iko Afrika Kusini ya miaka ya 1990, ambako nchi iliyotoka kwenye ubaguzi wa rangi ilikuwa inaunganisha huduma za afya zilizokatwa vipande. Mwaka 2004, Jørn Braa, Eric Monteiro na Sundeep Sahay walichapisha hoja ambayo naiona kuwa moyo wa kazi hii: mradi wa mahali pamoja hunyauka ukiachwa peke yake, na hupona ukiunganishwa na mingine inayofundishana. Ndivyo mtandao wao ulivyokwenda. Watanzania walisomea shahada za uzamivu Oslo huku utafiti wao ukifanyika nyumbani, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikawa mahali pa kutengenezea na kufundishia. Mafundi wa nchi mbalimbali hukutana kwenye mafunzo ya pamoja wanayoyaita akademia, wakakaa bega kwa bega siku kadhaa, halafu wakarudi makwao kuandikiana mwaka mzima. Kuonana kunayapa maandishi sauti. Ukishamsikia mtu akicheka, barua yake fupi huisomi tena kama ukali.

Mei 2024 iliujaribu ufundi huu pwani ya kusini. Tarehe 4 Kimbunga Hidaya kilifika nchi kavu karibu na Mafia. Mafuriko yakaikumba Kilwa na barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi ikakatika. Tarehe 12 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zikapata hitilafu na intaneti ikadorora nchi nzima. Wiki kama hiyo ndiyo inayoonyesha timu ipi iliweka ujuzi wake wapi. Git, chombo alichokitengeneza Linus Torvalds mwaka 2005, humpa kila fundi nakala kamili ya msimbo pamoja na historia yake yote. Aliyekatikiwa mtandao anaweza kurudi nyuma miaka mitatu na kusoma kwa nini saa ya mwisho ilibadilishwa, nani alibadilisha, na nini hakikuguswa. Anaweza kuendelea na kazi, kisha akaitoa kwa wenzake mtandao ukirudi. Lakini chombo hicho hutunza tu alichopewa. Timu iliyoandika "nimerekebisha saa" mara elfu moja ilikuwa na historia nzima kwenye kompyuta na isingeweza kujifunza lolote kutoka kwayo. Iliyozoea kupeana majibu kwa simu ilikaa ikisubiri.

Wahenga wamesema mgeni njoo, mwenyeji apone, na timu bora ninazozifahamu hulitumia neno hilo kama kanuni ya kazi. Mwanagenzi akifika siku ya kwanza hupewa mwongozo wa kuiweka programu kwenye kompyuta yake, pamoja na agizo moja: ukikwama, andika ulipokwama kabla hujamuuliza mtu. Wenyeji hawawezi kuifanya kazi hiyo, kwa kuwa walishasahau walichokuwa hawakijui. Mgeni anaona kila hatua iliyorukwa. Hapa mwongozo unadhani kila mtu ana intaneti isiyokatika. Pale unataja faili bila kusema liko wapi. Kabla ya jioni kijana wa Kilwa Masoko anakuwa ameandika kwamba faili la pili ni kubwa mno kwa bando la siku, hivyo lipakuliwe usiku au lichukuliwe kwa mwenzako kwa flashi, na ametaja ukubwa wake. Mkaguzi anamuuliza swali moja, anasahihisha herufi mbili, anauingiza mstari huo kwenye mwongozo ukiwa na jina la aliyeuandika. Wiki inayofuata mwanagenzi wa Hanoi anaupakua mwongozo huohuo, anaufikia mstari ule, anaacha faili lishuke usiku, na asubuhi anaanza kazi.